Fundo la Kumi na Tatu

Nyuma ya mlango wa jiko la Bi Hindu binti Mahadhi ilining'inia kamba ya makumbi, na kila mwezi ulipoandama aliifunga fundo moja. Kalenda ya karatasi alikuwa nayo pia, ile inayotolewa dukani mwisho wa mwaka, yenye picha ya ndovu. Lakini alisema hiyo ni ya wenye kwenda kazini na kurudi. Mwezi wa mbinguni, alisema, hauji kwa tarakimu, huja kwa kuonekana.

Kazi hiyo aliirithi. Baba yake, Mzee Mahadhi, alihama Siyu akaja Malindi na mke na mabinti wawili, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyepanda juu ya paa la msikiti wa mtaani kuutazama mwezi mwandamo. Macho yake yakiona, watu walifunga. Macho yake yakikosa, watu walingoja. Hindu alikuwa akimshikia ngazi. Alipokuwa mkubwa aliolewa na Muhidin, mshona kanzu, mtu mpole aliyemwachia mjane cherehani na nyumba ya vyumba viwili. Cherehani aliiuza. Nyumba alibaki nayo. Kazi akaipata kwa jirani.

Jirani huyo ni Yahya Menahemu, sonara, Myahudi wa Aden. Nyumba yake ya mawe, hapo hapo Malindi mtaa wa Shela, ilikuwa na ghorofa moja: chini karakana ya fedha, juu chumba cha sala. Humo mlikuwa na kabati refu la mvule lenye vitabu vyao vya kukunja kama mkeka, taa isiyozimwa, mabao ya kukalia, na ukutani ubao wa shaba ulioandikwa herufi za pembepembe. Wenyewe walikiita sinagogi. Mtaani walisema tu "kwa Ami Yahya". Hakuna aliyeona ajabu; nusu ya maharusi wa Malindi walitolewa ndani wakiwa wamevaa vipuli vya mkono wa Ami Yahya, na mtu aliyemvalisha mama yako siku ya harusi yake si mgeni tena.

Miaka ishirini na miwili Bi Hindu alifagia chumba kile, akatia mafuta taa ile, akapika na Mama Mazali, mkewe Ami Yahya. Sikukuu zao alizijua kwa mapishi. Aliyoipenda zaidi ni Purimu, kwa kuwa ina makelele. Siku hiyo husomwa habari ya Malkia Esta, aliyewaokoa watu wake mikononi mwa waziri Hamani aliyetaka kuwafuta duniani; na kila jina la Hamani linapotajwa watu hupiga madebe na kukanyaga sakafu mpaka jina lizame. Watoto wa Kiislamu wa uchochoroni hawakualikwa, wala hawakungoja kualikwa. Walikaa chini ya dirisha na makopo yao, wakisikiliza makelele ya juu, nao wakiitikia.

"Huyu Hamani," aliuliza Kadzo siku moja, "kwani hajafa mpaka leo?"

Kadzo alikuwa shoga yake Bi Hindu, Mgiriama wa Ganda, aliyeleta mayai na nazi kila wiki na ulimi wake pamoja nazo.

"Amekufa zamani."

"Na bado mwampiga? Basi nyinyi wabaya kuliko majirani zangu."

"Mimi simpigi. Mimi Mwislamu."

"Wewe Mwislamu, jina lako Hindu, wapika karamu ya Wayahudi, na mayai ni ya Mgiriama. Mulungu akikutafuta, shoga, ataanzia wapi?"

Mwisho wa mwaka wa 1987 Mama Mazali aliugua. Siku za mwisho alimshika Bi Hindu mkono, akamwambia maneno machache: "Purimu usimwache mzee wangu akasoma peke yake." Kitabu kile cha Esta mtu aweza kukisoma hata akiwa mmoja, lakini baraka ya mwisho haitamkwi ila mbele ya wanaume kumi wa Kiyahudi, na bila ya hiyo, alisema Mama Mazali, ni kama harusi isiyopigiwa vigelegele. Purimu iliyofuata ilikwenda salama kwa kalenda aliyoibandika marehemu mwenyewe ukutani. Kisha kalenda hiyo ikaisha, na ile mpya ya Kiyahudi, iliyokuwa ikiletwa kutoka Nairobi, haikuja.

Mwanzo wa mwaka wa 1989 ikafika barua ya Naomi, binti yao aliyekuwa Uingereza: baba hawezi kukaa peke yake tena, macho yameingia mtoto wa jicho, mwisho wa mwezi wa Machi atakuja kumchukua. Ami Yahya hakubisha. Kabla ya kwenda Mombasa kupasuliwa jicho alimwambia Bi Hindu, "Mwanangu, Purimu hii ndiyo yangu ya mwisho katika nyumba hii. Nataka watu kumi. Nikirudi tutawatafuta."

Bi Hindu hakungoja arudi. Alitaka mzee aikute furaha imekwisha kuandaliwa. Akaishusha kamba, akashika fundo la Purimu iliyopita, akahesabu kumi na mawili. Akatazama mwezi ulivyokuwa unanenepa, akajua siku ya kumi na nne itaangukia Jumapili ya tarehe kumi na tisa Februari. Akampelekea habari Bwana Elio, Mtaliano, naye Myahudi, mwenye hoteli ndogo njia ya Watamu. Bwana Elio dini yake aliiacha kwao pamoja na koti la baridi, na sikukuu alizijua kwa harufu ya jiko la Bi Hindu. Akafurahi. Akawapigia simu wenziwe, nao wote walikuwa watu wa namna yake, waliozoea kuambiwa siku na nyumba ile: daktari, mwalimu, mkulima wa korosho na wanawe wawili, mhandisi wa barabara, na wageni wawili wa hotelini waliokuja kuota jua wakaambiwa watahesabiwa pia.

Jumapili ile asubuhi Bi Hindu alikuwa amepika tangu alfajiri. Sambusa za tende, visheti, kaimati, wali wa nazi, kuku. Saa nne Bwana Elio akamleta Ami Yahya kutoka Mombasa, jicho moja limefungwa bandeji, la pili halioni zaidi ya kivuli. Mzee alisimama mlangoni akanusa.

"Kuna arusi ya nani?"

"Purimu, Ami," alisema Bi Hindu. "Watu wako juu. Kumi, nawe ukiwamo."

Ami Yahya akauliza tarehe ya Kizungu, akaambiwa. Alihesabu kwa vidole, polepole, midomo ikicheza. Kisha akaukamata mkono wa Bi Hindu kwa kuupapasa.

"Umehesabu miezi mingapi?"

"Kumi na miwili. Kwani mwaka una mingapi?"

"Wenu, kumi na miwili. Wetu pia, ila huu si kama mingine. Mwaka huu mwezi wa Adari uko mara mbili, mwanangu. Huu ni wa kwanza. Purimu ni ya mwezi wa pili, siku thelathini kutoka leo."

Bi Hindu aliketi kwenye kidato cha ngazi. Juu walisikika watu wakicheka, na mmoja alikuwa akijaribu debe. Alijua mara moja alipokosea, na ndiyo iliyomwuma. Sikukuu za Waislamu huzunguka mwaka mzima. Idi amepata kuiona kwenye joto, akaiona kwenye mvua za masika, akaiona kwenye baridi ya kipupwe. Purimu je? Miaka ishirini na miwili Purimu ilikuwa daima ya wakati mmoja, joto la mwisho kabla ya masika. Hakupata kujiuliza mwezi unafanyaje hata usitoke kwenye majira yake.

"Kumbe mwafuata mwezi na Nairuzi pamoja," alisema, akikumbuka hesabu ya jua waliyoitumia wakulima na wavuvi wa kwao Siyu. "Mwezi ukitangulia mno, mwaurudisha."

"Twauongezea mwenziwe, tulingoje jua."

"Na mimi binti wa Mahadhi nimewakusanya watu kumi siku isiyo yao! Wataniona sina akili."

"Hawatakuona kitu. Nipeleke juu."

Alipanda akimshika bega. Wanaume wakasimama. Ami Yahya akawaambia kwamba leo ni Purimu Ndogo, ambayo huliwa na haisomwi. Na kwamba Bi Hindu amewaheshimu kwa kuwaita kwenye ndogo kabla ya kubwa. Basi wale, wanywe, na wajue kwamba tarehe ishirini na moja Machi, Jumanne asubuhi, atakisoma kitabu kwa mara ya mwisho mbele yao. Wakala. Hapakubaki hata kisheti kimoja. Bi Hindu alisimama nyuma ya mlango akiwasikiliza, na katika kusikiliza akafahamu kwamba kosa lake halikuishia kwenye chakula. Wageni wawili walikuwa wakiondoka Ijumaa kurudi kwao. Mhandisi wa barabara mkataba wake ulikuwa unakwisha mwezi uleule. Waliokuwa kumi leo watakuwa saba.

Jioni mzee alimwambia, "Hata saba ni watu."

"Baraka ya mwisho je?"

Mzee akapapasa ukingo wa kitanda, akajilaza.

Kadzo alipoletewa habari alicheka mpaka mayai yakagongana. "Ungeniuliza mimi. Sisi twahesabu siku nne nne, ya nne ni jumwa, twapumzika. Haina mwezi wa kwanza wala wa pili."

"Nicheke sana, kisha uniambie nitapata wapi watu watatu."

"Wagiriama hawafai?"

"Hawafai."

"Haya. Hasara yao."

Bwana Elio alipata wawili huko Mombasa, ndugu wenye duka la vitambaa, waliosema watakuja. Ikawa tisa. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Bandeji ilitolewa, Ami Yahya akapewa miwani nene, akaanza kuzisoma tena herufi za kitabu chake, safu kwa safu, jicho moja. Bi Hindu alimtazama akafikiri: lau ile Jumapili ingekuwa ndiyo siku yenyewe, mzee angeisikiliza kwa bandeji, na nani angemsomea? Lakini wazo hilo halikumpa mtu wa kumi.

Alimpata katika ufagio. Alikuwa akifagia kizingiti cha karakana, siku kumi kabla ya sikukuu, akakumbuka kwamba hapo, kiasi cha miaka minane nyuma, aliwahi kufagia karafuu. Mzungu mmoja, fundi wa mashine za maji na za boti, alileta kijumba cha fedha kirefu kama mnara, mlango wake umeng'oka. Chini ya kijumba palikuwa na herufi za pembepembe, sawasawa na zile za ubao wa juu. Ami Yahya alikitengeneza, akakijaza karafuu, kwani hicho ndicho kinachonuswa Jumamosi jioni sabato inapotoka. Fundi alikipokea, akafungua kile kimlango, akazimwaga karafuu zote kizingitini, akaenda zake. Ami Yahya alisema tu, "Mwache. Jamaa zake walioteketezwa vitani huko Ulaya ni wengi." Hakumtaja tena.

Watu walimwita Fundi Selemani. Jina lake hasa ni Zelmani, na alikaa Kibarani, Kilifi.

Bi Hindu alikwenda Kilifi Jumatano, na sahani ya sambusa za tende imefungwa kwa kitambaa, kwa kuwa mtu haendi nyumba ya watu mikono mitupu. Alimkuta chini ya kibanda cha makuti, amefungua pampu, mikono myeusi kwa grisi mpaka viwikoni. Mtu wa miaka sitini na ushei, mkavu, nywele nyeupe.

"Hodi."

"Karibu. Mashine gani?"

"Sina mashine. Natoka Malindi, kwa Ami Yahya."

Aliendelea kufungua parafujo. "Mambo hayo sina."

"Sijakwambia mambo gani."

"Nayajua. Yule Mtaliano alikuja miaka mingi iliyopita. Nilimwambia sisali. Sijasali tangu umri wa miaka kumi na tisa, na sababu ninayo."

"Hilo ni lako na Mola wako," alisema Bi Hindu. Akakaa juu ya debe lililopinduliwa bila ya kukaribishwa mara ya pili. "Mimi sikuja kukuita usali. Nimekuja kukuita uhesabiwe."

Akamsimulia yote: kamba, fundo la kumi na mbili, watu kumi wa siku isiyo yao, jicho la mzee, safari ya mwisho wa mwezi. Hakujipunguzia kosa. Fundi alikuwa ameacha kufanya kazi, ila mkono bado umeshika spana.

"Umehesabu kumi na miwili katika mwaka wa kumi na mitatu," alisema.

"Ndiyo. Na wale wanawake wa uchochoroni mpaka leo waniuliza kesho siku gani."

Pembe ya mdomo wake ilisogea. Bi Hindu akafungua kitambaa, akamsogezea sahani. Fundi akazitazama sambusa kwa muda mrefu. Hakuzigusa, kwa sababu ya mikono yake, au kwa sababu nyingine.

"Mama alizikunja hivi," alisema mwisho. "Pembe tatu. Purimu. Ndani alitia mbegu nyeusi."

"Sisi hapa tuna tende."

"Naona."

Pampu ilidondosha mafuta. Upepo ukageuka ukapita ndani ya chumba chake, ukatoka mlangoni, na Bi Hindu akanusa karafuu. Alisimama akajifunga buibui.

"Jumanne asubuhi, kivuli kabla hakijaingia kizingitini. Ukija umekuja. Usipokuja, mimi sina haki ya kukulaumu. Sahani nitaichukua siku yoyote."

"Mwambie mzee nimemsikia."

"Wewe hukumsikia yeye. Umenisikia mimi. Kwaheri, fundi."

Usiku wa kuamkia Jumanne hakulala vizuri, na asubuhi chumvi aliitia wali mara mbili. Ulikuwa mwezi wa Shaaban, kumi na tatu ya mwezi, mji unajiandaa kwa nisfu, ule usiku wa katikati ya mwezi, na watoto wa uchochoroni walikuwa na makopo tayari tangu saa moja. Wakaja ndugu wawili wa Mombasa. Akaja daktari, akaja mwalimu, akaja mkulima na wanawe, akaja Bwana Elio amevaa kofia ya karatasi kama desturi yao ya kujipamba siku hiyo. Wakapanda juu. Ami Yahya, kanzu nyeupe na miwani yake, akasimama mbele ya kabati akanyoosha kidole. Wao hawahesabu watu kama wahesabuvyo mbuzi, wanaogopa jicho la hasidi. Husema kinyume.

"Si mmoja," alisema, akipita uso kwa uso. "Si wawili. Si watatu." Akafika mwisho wa bao. "Si tisa."

Kidole kikabaki hewani.

"Tungojee," alisema. "Kivuli bado."

Bi Hindu alishuka jikoni. Hakuweza kusimama pale. Alikuwa akipanga visheti ambavyo vilikwisha kupangwa, Kadzo alipoingia na kikapu.

"Hindu, ana nini yule mzungu?"

"Mzungu gani?"

"Amekaa barazani kwa jirani yenu Mahdi. Mahdi anasema tangu watu wanatoka sala ya alfajiri. Shati safi, mikono michafu, amekumbatia sahani. Kama mchumba anayeogopa wakwe."

Bi Hindu alichukua birika la maji, bakuli na kipande cha sabuni, akatoka. Fundi Zelmani alimwona akija, akainuka nusu, akakaa tena. Ile sahani ilikuwa mapajani mwake, imeoshwa.

Hakumwambia karibu. Hakumwambia wanakungojea. Alifanya anavyofanyiwa mgeni yeyote wa pwani kabla ya chakula: aliweka bakuli chini, akainamisha birika. Fundi akaitazama ile mikono yake, kisha akaitandaza. Maji yalitoka meusi. Akasugua, akamiminiwa tena, akasugua. Grisi ya kwenye kucha haikutoka.

"Hii haitoki," alisema.

"Haidhuru. Iache."

Alipanda ngazi nyuma yake. Bi Hindu hakuingia. Alisimama mahali pake nyuma ya mlango. Alisikia bao likilia kwa uzito wa mtu mmoja zaidi. Kisha sauti ya Ami Yahya, taratibu, kana kwamba hakukuwa na kungojana kokote:

"Si kumi."

Na akaanza kusoma. Alisoma kwa jicho moja, kidole kikifuata mstari, na mara mbili alikwama, akaurudia mstari. Jina la Hamani lilipotajwa mara ya kwanza, juu wakakanyaga na chini makopo yakapasuka. Kupitia ufa wa mlango Bi Hindu aliona miguu ya fundi imetulia, kiatu kando ya kiatu. Jina likatajwa tena, na tena. Imetulia. Ilikuwa karibu na mwisho, kwenye majina ya wana wa Hamani yanayosomwa kwa pumzi moja, alipouona mguu wa kulia ukiinuka. Kisigino kikashuka sakafuni kwa nguvu hata taa ikacheza. Kisha tena. Wenzake walikwisha kunyamaza, yeye bado anapiga, na Ami Yahya alimngojea mpaka alipomaliza. Halafu akakifunga kitabu, akatamka baraka ya mwisho, na kumi wakaitikia amina.

Kadzo, aliyekuwa ameketi ngazini na kikapu chake, akapiga kigelegele. Hakuna aliyemwomba.

Siku tano baadaye Naomi alikuja, akamchukua baba yake. Ufunguo wa nyumba ulibaki kwa Bi Hindu, na taa ilibaki ikiwaka, kwani Bwana Elio na wenziwe walisema chumba kisifungwe. Wengine walilia uwanjani kwa ndege. Bi Hindu hakulia pale. Alimtengenezea Ami Yahya kola ya kanzu, akamwambia miwani asiivue njiani.

Jumamosi iliyofuata Fundi Zelmani alikuja Malindi na kijumba chake cha fedha. Alisema mlango unacheza, na sasa hakuna sonara. Bi Hindu akakitazama. Mlango haukuwa na kasoro. Akakiweka juu, ndani ya kabati, karibu na taa. Kisha akamchukua fundi jikoni, akamwonyesha kamba. Fundo la kumi na tatu alikuwa amelifunga kwa uzi mwekundu.

"Nianze kuhesabu upya kutoka hapa," alisema. "Niambie wewe unayejua. Mwakani kumi na miwili au kumi na mitatu?"

Fundi alifumba macho. Akahesabu kwa vidole vyenye grisi kwenye kucha, midomo ikicheza, kama alivyofundishwa na mtu fulani, mahali fulani, kabla ya umri wa miaka kumi na tisa.

"Kumi na miwili."

"Una hakika? Maana safari hii nikikosea nitasema ni wewe."

"Nitakuja kabla ya siku yenyewe, tuhakikishe," alisema Fundi Zelmani. "Sahani ulisema utaichukua siku yoyote. Ile niliyoirudisha si yako. Yako imebaki Kibarani."